Dhahabu ya Moyale ina umri gani? Swali la mawe lililoletwa ofisini

Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumza juu ya visima, mbuzi, chanjo na karo. Safari hii tutazungumza juu ya mawe. Msitushangae. Mawe yenyewe ndiyo yalikuja ofisini.

Wazee watatu walifika asubuhi moja na mfuko wa sukari. Ndani ya mfuko hapakuwa na sukari, palikuwa na mawe matano na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mawe yalitoka upande wa Moyale. Karatasi ilitoka kwa dalali mmoja ambaye hatutamtaja. Ilisema, kwa herufi kubwa, kwamba mwamba umepimwa na una umri wa miaka milioni 600, "kwa hivyo ni mwamba wa dhahabu". Wale wazee walikuwa wameshachanga mara ya kwanza, na ngamia wawili wameshauzwa. Sasa waliambiwa wachange tena ili vijana wapelekwe kuchimba.

Mzee mkubwa wao akatuambia hivi: "Nyinyi mmesoma. Sisi hatusemi karatasi ni ya uongo. Tunauliza tu, jiwe linazaliwa lini, na nani alikuwepo?"

Swali lile hatukuwa na jibu lake. Sisi tulisomea kazi za jamii, jiolojia hatukusomea. Ilibidi tuombe muda, tutafute vitabu, na tumsumbue mtaalamu wa mawe mmoja mvumilivu sana. Tunayoandika hapa ndiyo tuliyojifunza, na ndiyo tuliyowarudishia wale wazee walipokuja mara ya pili.

KWANZA TUJUE TUNAKANYAGA NINI

Hapa Garissa mjini ukichimba choo unapata mchanga na udongo. Ukichimba kisima kirefu, bado ni mchanga, udongo na tabaka za mashapo yaliyoletwa na mito na bahari ya zamani. Wajir wana chokaa yao nyeupe, ile inayojenga nyumba na inayohifadhi maji ya visima vyao. Mandera pia kuna mawe ya chokaa ya enzi za bahari, na El Wak kuna jasi. Hayo yote ni mawe ya juu, yaliyotulia kama matope yanavyotulia chini ya ndoo.

Chini ya hayo yote uko mwamba mwingine, wa zamani zaidi na mgumu zaidi. Kwetu umezama chini sana. Lakini ukivuka Tana ukaelekea Mwingi na Kitui unauona umejitokeza juu, vilima vya mawe yenye mistari myeusi na myeupe. Ukienda kaskazini mpaka Moyale unauona tena. Huo ni mwamba uliogeuzwa. Maana yake, hapo mwanzo ulikuwa kitu kingine, labda matope, labda lava ya volkano, labda graniti. Kisha ukasukumwa chini kilomita nyingi, ukabanwa na kupashwa moto mpaka sura yake ikabadilika, bila kuyeyuka wote. Ndiyo maana una ile mistari na vile vigamba vya ulanga vinavyometa juani.

Mwamba huu ni sehemu ya ukanda mrefu unaotoka Msumbiji, unapita Tanzania na Kenya, unaingia Ethiopia na kuendelea hadi pande za Bahari ya Shamu. Unaitwa Ukanda wa Msumbiji. Jina hilo alilitoa Mwingereza Arthur Holmes katika maandishi yake yaliyochapishwa mwaka 1951. Huyu Holmes ana kisa. Mwaka 1911, akiwa kijana asiye na pesa, alikwenda Msumbiji kutafuta madini kwa mshahara. Madini hakupata. Alichopata ni malaria, na kali sana, hata habari zikapelekwa kwao kwamba amekufa. Hakufa. Aliishi hadi mwaka 1965, na ndiye mmoja wa watu wa kwanza kabisa duniani waliopima umri wa mawe kwa njia tutakayoieleza hapa chini. Kwa hivyo vijana wetu wanaokwenda machimbo na kurudi na homa, hawakuanza wao.

DHAHABU INAINGIAJE NDANI YA JIWE

Watu wengi wanafikiri dhahabu iliumbwa pamoja na mwamba, kama kokwa ndani ya embe. Sivyo. Mara nyingi mwamba hutangulia, dhahabu huja baadaye kama mgeni, na huja ndani ya maji.

Wale mnaopika nyirinyiri mtaelewa upesi. Unaweka nyama kavu kwenye sufuria, hujatia maji hata tone, lakini baada ya muda sufuria imejaa supu. Hiyo supu imetoka wapi? Ilikuwa ndani ya nyama. Mwamba nao ni vivyo hivyo. Matope ya kale yana maji yaliyofungwa ndani ya madini yake. Yakipashwa moto huko chini, maji yale hutoka. Si maji ya kuoga haya. Mara nyingi yana joto la kati ya nyuzi 250 na 400, yamebanwa sana hata hayawezi kugeuka mvuke, na yamebeba chumvi kidogo, hewa ya kaboni na salfa.

Hiyo salfa ndiyo inayobeba dhahabu. Katika mwamba wa kawaida dhahabu ni kidogo mno, gramu chache tu ndani ya tani elfu moja. Hakuna mtu anayeweza kuishi kwa kuchimba hiyo. Maji ya moto hupita katika mwamba mwingi, huokota hapa kidogo na pale kidogo, kisha hutafuta njia ya kupanda juu. Njia yenyewe ni nyufa. Pale ambapo mwamba umevunjika, labda kwa tetemeko, maji huruka ndani ya ufa kwa ghafla, nguvu ya kubanwa inapungua, na mzigo unadondoka. Au maji yanakutana na mwamba wenye chuma kingi, salfa inakimbilia chuma na kufanya pairaiti, na dhahabu iliyokuwa imebebwa na salfa inaachwa peke yake. Ufa unazibwa na jiwe jeupe gumu la kwotsi. Hiyo ndiyo mishipa myeupe ambayo wachimbaji huifuata.

Na hiyo pairaiti ndiyo iliyokuwa ikimetameta katika mawe manne kati ya yale matano ya wazee wetu. Tuliisugua kwenye kigae kisichopakwa rangi ikaacha mstari mweusi wenye ukijani. Dhahabu huacha mstari wa njano. Tuliigonga kwa nyundo ikavunjika kuwa unga. Dhahabu haivunjiki, hutandazika kama ufizi wa ubani uliolainika. Jaribio hilo halihitaji maabara, na tunawaomba mlikumbuke.

Kwa hivyo kuna maswali mawili ya umri, si moja. Mwamba una umri gani? Na yale maji ya moto yalipita lini? Karatasi ya dalali ilijibu la kwanza, ikajifanya imejibu la pili.

SAA ILIYO NDANI YA JIWE

Sasa tufike kwenye swali la mzee, nani alikuwepo. Hakuna mtu aliyekuwepo. Lakini kulikuwa na saa.

Kuna vitu vingine duniani ambavyo havikai kama vilivyo. Urani ni mmoja wao. Polepole sana, bila kuharakishwa na joto wala baridi, urani hugeuka kuwa risasi, hii risasi ya betri ya gari. Tena urani ni ya aina mbili. Ya kwanza, nusu yake hugeuka risasi kwa miaka bilioni 4.47. Ya pili ina haraka zaidi, nusu yake hugeuka kwa miaka milioni 704. Mwendo huo umepimwa katika maabara na haubadiliki.

Ndani ya mawe mengi kuna vipunje vidogo vya madini yanayoitwa zirkoni, mara nyingi vidogo kuliko punje ya chumvi. Zirkoni inapozaliwa hupenda kubeba urani, lakini risasi huikataa karibu yote. Basi ukikuta risasi ndani yake leo, unajua ilitokana na urani. Unapima urani iliyobaki, unapima risasi iliyopatikana, unapiga hesabu. Na kwa kuwa urani ni aina mbili, una saa mbili ndani ya punje moja. Zikikubaliana, una sababu ya kuamini. Zikikataana, unajua kuna kitu kiliiharibu punje, labda joto, labda maji. Sisi tulipenda sana jambo hili la saa mbili. Ni kama mashahidi wawili ambao hawakukaa pamoja kupanga maneno.

Saa nyingine ni ya potasiamu, iliyomo kwenye ulanga. Sehemu ndogo ya potasiamu hugeuka taratibu, na baadhi yake huwa hewa inayoitwa agoni. Nusu ya maisha yake ni miaka bilioni 1.25. Na iko ya reniamu, inayogeuka osmiamu, ambayo wataalamu huitafuta ndani ya pairaiti na ndani ya madini ya kijivu yanayoteleza yaitwayo molibdenaiti. Hiyo ni ya thamani sana katika habari hii, na tutairudia.

Msomaji mmoja aliuliza kwa nini wasitumie kaboni, ile wanayopimia mifupa na mkaa wa zamani. Kaboni hupima vitu vilivyokuwa na uhai, na nusu yake huisha kwa miaka 5,730 tu. Ukifika miaka elfu hamsini hakuna kilichobaki cha kupimwa. Mtu akikuambia amepima mwamba wa dhahabu kwa kaboni, funga mkoba wako.

Na dhahabu yenyewe? Dhahabu ya asili ni aina moja tu, nayo imetulia haigeuki kitu. Haina saa yake. Ni kama mtu asiye na cheti cha kuzaliwa. Utajuaje umri wake? Utauliza jirani aliyezaliwa naye wiki moja.

KIBUYU KINACHOOSHWA

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, na hapa ndipo wengi hudanganywa, wengine hata bila mdanganyaji kujua.

Fikirieni kibuyu cha maziwa ya ngamia. Mama anakamua leo, anatia ndani, na mtu mwenye ulimi mzuri akionja susa ile atakuambia imekaa siku ngapi. Lakini mama akikimwaga, akakiosha na kukifukiza moshi, kisha akatia maziwa mapya, hesabu inaanza upya. Kibuyu ni cha miaka kumi, maziwa ni ya jana. Ukiuliza "hiki kina siku ngapi?" lazima useme unauliza nini, kibuyu au maziwa.

Mwamba uliogeuzwa ni kibuyu kilichooshwa mara kadhaa, na moto ndio unaoosha. Kila madini yana kiwango chake cha joto ambapo saa yake hufutwa. Zirkoni ni ngumu, huweza kupita katika joto la zaidi ya nyuzi 700 na bado ikakumbuka kuzaliwa kwake kwa kwanza. Wakati mwingine huvaa tu ganda jipya juu ya lile la zamani, kama mti unavyoongeza duara. Ulanga ni mwepesi wa kusahau. Ukipita joto la kama nyuzi 300 au 400, ile agoni inatoroka na saa inarudi sifuri. Inaanza kuhesabu tena pale tu mwamba unapopoa.

Basi chukueni jiwe moja la ukanda wetu. Moyo wa zirkoni unaweza kusema miaka milioni 800. Ganda la zirkoni hiyo hiyo linasema milioni 640. Ulanga wa jiwe lile lile unasema milioni 500. Nani mwongo? Hakuna. Wa kwanza anasema lini mwamba wa asili ulizaliwa, wa pili anasema lini ulipikwa, wa tatu anasema lini ulipoa. Kwa jumla, upishi mkubwa wa ukanda huu ulikuwa kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, wakati mabara mawili ya kale yalipogongana na kukunja kila kilichokuwa katikati. Milima mirefu ilisimama hapo. Imeshaliwa na mvua na upepo, na tunaokanyaga leo ni mizizi yake.

Sasa mmeona tatizo la ile karatasi? Miaka milioni 600 si habari ya dhahabu. Ni habari ya upishi. Mawe ya Kitui, ya Taita, ya Tsavo, mengi yatakupa umri wa namna hiyo, na sehemu kubwa hayana dhahabu ya kununua hata kikombe cha chai. Kumwambia mtu "mwamba huu una miaka milioni 600, kwa hivyo una dhahabu" ni sawa na kusema "mtu huyu ni wa umri wa miaka arobaini, kwa hivyo ana ngamia mia".

NYAYO JUU YA NYAYO

Basi wanapimaje umri wa dhahabu? Wana njia kadhaa, na ya kwanza haihitaji mashine yoyote. Wafugaji wetu wanaijua kuliko maprofesa.

Ukikuta barabarani alama ya tairi la lori, na juu yake unyayo wa ngamia, unajua lori lilipita kwanza. Mkitaka kujua lori lilipita lini, mtafuteni mwenye ngamia. Katika mwamba ni vivyo hivyo. Mshipa wa dhahabu ukikata mwamba fulani, mshipa ni mdogo kwa umri kuliko mwamba ule. Ukikuta mwamba mwingine umeukata mshipa, basi mshipa ni mkubwa kuliko huo. Unapima miamba hiyo miwili kwa zirkoni, na dhahabu umeshaifungia katikati.

Geita, kule Tanzania, ilifanyika hivyo. Kuna mwamba mwembamba uliopenya kama ukuta ndani ya mawe mengine, na maji ya dhahabu yakaja baadaye yakaukata. Zirkoni za mwamba ule zilipimwa zikatoa karibu miaka milioni 2,644. Kwa hivyo dhahabu ile ni ndogo kuliko hapo. Mawe ya Geita ni ya ukoo mmoja na ya kwetu Migori na Kakamega, miamba ya kale sana, zaidi ya miaka bilioni 2.5, ambayo haikuoshwa na ule moto mkubwa wa Ukanda wa Msumbiji. Kakamega ndiko walikofurika wazungu mwaka 1931 na 1932 kutafuta dhahabu, na sheria ya ardhi ya wenyeji ikabadilishwa haraka haraka mwaka 1932 ili wapate nafasi. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, lakini wananchi wanachimba huko mpaka leo.

Njia ya pili ni kutafuta jirani aliyezaliwa wiki moja na dhahabu. Maji ya moto hayakuacha dhahabu peke yake. Yaliacha pia pairaiti, molibdenaiti, ulanga mwembamba kando ya mshipa, na wakati mwingine vipunje vya monazaiti ambavyo hubeba urani na thoriamu. Ukiweza kuonyesha, kwa hadubini, kwamba dhahabu imekaa ndani ya pairaiti fulani na kwamba viwili hivyo vilikua pamoja, basi umri wa pairaiti ni umri wa dhahabu. Hiyo kazi ya hadubini ndiyo ngumu. Mashine hutoa namba kwa jiwe lolote utakaloipa, haiulizi kama umechagua jiwe sahihi.

Mfano mzuri kabisa tuliousoma ni wa Lupa, wilaya ya Chunya, huko Mbeya. Ni machimbo ya zamani, dhahabu iligunduliwa huko katika miaka ya 1920. Sehemu ya mwamba unaobeba mishipa ni graniti ya karibu miaka bilioni 2.7. Watu wangeweza kusema dhahabu nayo ni ya miaka bilioni 2.7, kama ya Geita, na kuitafuta kwa njia za Geita. Lakini wataalamu walipopima reniamu na osmiamu ndani ya pairaiti na molibdenaiti ya mishipa yenyewe, wakachapisha mwaka 2013, walipata karibu miaka bilioni 1.88. Dhahabu ilikuja zaidi ya miaka milioni 800 baada ya mwamba kuzaliwa! Kibuyu na maziwa.

Hilo si jambo la kufurahisha maprofesa tu. Mtu akijua dhahabu iliingia wakati gani, anajua ni nyufa zipi zilikuwa wazi wakati huo. Nyufa za zamani zaidi ataziacha, na nyufa zilizokuja baadaye ataziacha. Badala ya kuchimba mashimo mia anachimba kumi. Kwa mtu anayechimba kwa sururu na mgongo wake mwenyewe, mashimo tisini ni maisha ya mtu.

MOYALE NA NG'AMBO YAKE

Mawe ya Moyale hayakomi kwenye mpaka. Yanaendelea ndani ya Ethiopia hadi ukanda wa Adola, katika nchi ya Waguji, ambako uko mgodi mkubwa wa Lega Dembi. Huko mishipa ya kwotsi imo ndani ya mawe yaliyogeuzwa, kando ya ufa mkubwa unaoelekea kaskazini na kusini. Vipimo vilivyofanywa katika miaka ya 1990 vilitoa umri wa karibu miaka milioni 545. Ukilinganisha na yale tuliyosema juu, mnaona dhahabu ilikuja mwishoni mwa upishi, sufuria ikiwa inaanza kupoa, mwamba ukiwa mgumu kiasi cha kuvunjika lakini chini bado kuna moto wa kusukuma maji. Mabara yalikuwa yameshagongana, yanamalizia kuteleza ubavu kwa ubavu.

Hiyo ndiyo sababu wachimbaji upande wetu wana haki ya kuwa na matumaini. Hatutaki mtu aseme sisi tumesema hakuna dhahabu Moyale. Dhahabu ipo, na imetolewa. Machimbo ya Hillo, sehemu za Dabel katika kaunti ya Marsabit, yamevuta vijana kutoka kila upande, na wa kwetu wakiwemo.

Lakini tuseme pia yaliyotokea. Mwezi wa Machi mwaka 2024 Serikali iliamuru machimbo ya Hillo yafungwe baada ya mauaji kutokea kule. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, pamoja na amri ile, shimo liliporomoka na watu watano wakafa. Na huko Lega Dembi, mwaka 2018, leseni ya mgodi ilisimamishwa baada ya wananchi kuandamana wakisema sumu ya mgodi inaharibu watoto na mifugo yao. Mwamba uliogeuzwa una tabia yake mbaya: umejaa zile tabaka za ulanga, na tabaka hizo huteleza. Mvua ikiingia juu, ukuta wa shimo unaachia kwa kipande kizima, kama kitabu kinavyoteleza mezani. Shimo lisilotegemezwa kwa magogo si shimo la kuingiza mtoto wa mtu.

Kuna zebaki pia. Dhahabu ya mishipa hii mara nyingi ni unga mdogo, na wachimbaji huikamata kwa zebaki kisha huichoma jikoni. Moshi ule hauna harufu na huharibu akili na figo, hasa kwa mama mjamzito na mtoto tumboni. Tumeona karai la kuchomea likirudi nyumbani na kupikiwa ugali. Tafadhali, jamani.

WALIPORUDI WAZEE

Wale wazee walirudi baada ya majuma mawili. Tulikaa chini ya mti kwa sababu ofisi ilikuwa joto. Tuliwaeleza habari ya nyirinyiri, ya kibuyu, na ya nyayo juu ya nyayo. Ya nyayo waliimalizia wenyewe kabla hatujafika mwisho.

Kisha tukaisoma karatasi upya pamoja, neno kwa neno. Haikusema ni madini gani yaliyopimwa, zirkoni au ulanga. Haikusema jiwe liliokotwa wapi, na kama lilitoka ndani ya mshipa au kando yake. Haikuwa na ile namba ndogo ya "zaidi au pungufu" ambayo kila kipimo cha kweli hubeba. Kubwa kuliko yote, haikusema tani moja ya jiwe ina gramu ngapi za dhahabu. Hicho ni kipimo kingine kabisa, tena rahisi zaidi, na ndicho ambacho mtu mwenye kutaka pesa yako angepaswa kukuonyesha kwanza. Umri si gramu.

Tuliwaambia pia habari ya sheria, maana dalali hakuigusa. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2016, madini ni mali ya Jamhuri hata yakiwa chini ya manyatta yako. Mchimbaji mdogo anahitaji kibali, nacho hutolewa kwa raia wa Kenya. Mrabaha unaolipwa na wenye leseni hugawanywa, asilimia 70 Serikali ya Taifa, 20 kaunti, na 10 jamii ya mahali pale. Na kama ardhi ni ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka huo huo wa 2016 inataka mkataba wa mwekezaji upitishwe na theluthi mbili ya mkutano wa jamii. Wazee watatu na mfuko wa sukari si mkutano wa jamii, na wao wenyewe walicheka tuliposema hivyo.

Mmoja wao, aliyekuwa kimya siku zote mbili, akauliza kama miaka milioni mia tano na arobaini inaweza kweli kuhesabiwa na mtu. Tukamwambia hakuna aliyehesabu, walipima tu kilichobaki na kilichogeuka. Akafikiri kidogo. Akasema hata yeye hajui siku aliyozaliwa, anajua tu ulikuwa mwaka wa ukame gani, na hilo limemtosha kupata kitambulisho.

Mchango wa pili hawakutoa. Ngamia wawili wa kwanza hawajarudi, na dalali hashiki simu. Mawe manne ya pairaiti wametuachia, tunayatumia kuzuia karatasi zisipeperuke. La tano ni kwotsi nyeupe yenye doa moja dogo la njano ambalo nyundo haikulivunja. Hilo mzee mkubwa alilirudisha mfukoni mwake, akaondoka nalo.